Siku Tatu za Ushanga Mwekundu

Kalundu, Uvira
Tarehe 16 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Damien,

Miaka sita! Hata watu wa gereza wanatoka. Meli zinatoka Kalemie zinafika hapa Kalundu, zinashusha mahindi, mbuzi, majeneza, wanawake wenye mimba ya miezi tisa, lakini weye hazikushushi. Huko Kolwezi udongo una gundi? Ungekuwa karibu ningekupiga kofi kwanza, kisha ningekupikia.

Sasa nakusalimu. U mzima? Kile kikohozi cha vumbi la mgodi kimekuacha? Mke wako Eliane anaamka vizuri? Na huyo mutoto wenu Bruno, ambaye ninamjua kwa picha tu, ana meno mangapi? Sisi huku tuko. Ziwa limepanda, limekula nyumba tatu za chini na choo cha kanisa, lakini kwetu halijafika. Mguu wangu unauma asubuhi, mchana unanisahau. Mkono wa kulia umevunjika, wameufunga plastre. Nitakueleza umevunjwa na nani. Usiruke mbele, soma kwa utaratibu.

Huu mwandiko utautambua. Ni wa Fiston, mutoto wako. Usichane karatasi. Nimemwambia aandike kinywa changu kama kilivyo, hata pale panapomuuma, hata pale panaponiumbua minye. Akiruka neno nitajua, kwa sababu akimaliza, dada yake Merdi atanisomea yote kabla ya kuifunga bahasha.

Ile sauti uliyotuma kwenye telefone ya Merdi niliisikiliza mara tatu. Umesema utakuja mwezi wa nane umchukue Fiston, umpeleke milimani kwa yule muntu wa maombi anayefunga watu minyororo mpaka wapone. Umesema minyororo umeshainunua. Umesema, "Akifia huko, tutalia mara moja, yaishe." Fiston alikuwa amesimama mlangoni. Aliisikia kwa lile sikio lake moja.

Ninakukatalia. Na usidhani ninakukatalia kwa sababu nina moyo wa maji. Weye unanijua, nimekulea kwa fimbo. Mwaka jana Fiston alipouza sufuria yangu kubwa na bati za jiko ili apate ule unga unaotoka ng'ambo, wanaouita busti, nilimpiga kwa mchi wa kutwangia majani ya sombe. Nilimpiga kichwani. Sikio la kushoto lilitoa damu siku mbili, na tangu hapo ukimwita upande huo hageuki. Ni minye niliyelifunga hilo sikio.

Kisha Pasaka nilimfunga, kama ulivyoagiza. Kamba ya nailoni, ile ya nyavu, kwenye nguzo ya jiko. Siku tisa. Alitapika, akajiharia, akajigonga kichwa kwenye nguzo, akaniita majina ambayo sikujua mutoto wa Mkristo anayajua. Nilimmwagia maji ya ziwa kwa ndoo kama muntu anayeosha gari. Alipolia nilimtia kitambaa mdomoni ili majirani walale. Siku ya kumi nilimfungua, kamba imeingia kwenye nyama, nikamshukuru Mungu. Saa sita ya mchana huohuo alikuwa amesharudia.

Amesimamisha kalamu. Andika, Fiston. Baba yako aliagiza tu, hajui hizo siku tisa zilikuwaje, sasa ajue.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Kuna muganga mmoja mwanamke, anaitwa Domitille, anafanya kazi kwenye dispanseri ndogo karibu na bandari. Ni mfupi, hana kelele. Alituita sisi wenye watoto wa busti, tukajaa kwenye salle, ukumbi wa kanisa, kila muntu na matusi yake. Alituuliza mmoja mmoja, "Mutoto akirudi nyumbani, unamwambia nini?" Minye nilisimama nikasema bila haya. Nikasema ninamwita mavi ya mbwa, ninamwita kaburi linalotembea, ninamwambia mama yake alikufa mapema ili asimuone. Wengine walipiga makofi. Domitille aliandika kwenye daftari lake.

Kisha akasema anataka watu sita waishi siku tatu kama mutoto wa busti anavyoishi. Nikamuuliza kama atatupa unga. Akacheka. "Hapana, Koko. Nitawapa mwendo wake tu." Siku hizi bandari yote inaniita Koko, yaani bibi. Akaniuliza kitu gani nikikosa siku moja ninakuwa mubaya. Nikasema hakuna. Salle yote ilicheka. Déborah, yule tunayeanika naye vidagaa vya ndagala, akapaza sauti nyuma: "Tumbako yake ya puani! Akikosa tumbako hata shetani anabadili njia!"

Domitille akanyoosha mkono. Nikampa kopo langu. Miaka arobaini na mbili lile kopo halijalala mbali na kiuno changu, hata siku ya kukuzaa nilikuwa nalo.

Amri zake zilikuwa hizi. Ananipa telefone ndogo, ambayo yeye ataipiga saa yoyote. Ikilia, niache kila kitu, hata kama ni moto jikoni, niende nimtafute Ngendakumana. Huyu ni mlinzi wa ghala la chumvi, muntu mpole, anaimba sauti nene kanisani. Yeye ana shanga nyekundu. Akinipa ushanga mmoja, ninaupeleka kwa Domitille, na Domitille ananipa tumbako ya kuvuta mara moja, basi. Nikikosa ushanga, nimekosa tumbako mpaka telefone ilie tena. Na nyumbani nisimwambie muntu hata mmoja ninakwenda wapi na kwa nini. Hilo la mwisho ndilo lililotaka kuua.

Siku ya kwanza nilicheka. Telefone ililia nikiwa ninapepeta mchele, nikaenda, Ngendakumana akanipa ushanga, nikavuta, nikapiga chafya, nikasema huu ni mchezo wa watoto. Mara ya pili sikumkuta ghalani. Mara ya tatu nilimkuta, akaniambia nisubiri, akaendelea kushona gunia. Nilisubiri juani mpaka macho yakatoa maji. Jasho likaniingia matitini. Kichwa kikaanza kupiga ngoma upande mmoja. Akashona gunia lote, akalikunja, akaniambia, "Leo zimeisha."

Damien, nilimtazama shingo. Niliiona ile mishipa ya shingo, nikafikiria ninavyokata kuku.

Siku ya pili niliamka na telefone mkononi kabla ya kumwambia Mungu asante. Ilikaa kimya mpaka jua likapanda. Niliitikisa. Nilimpiga Merdi kofi kwa sababu alicheka na redio. Nilikuwa ninaungojea ule mlio kama ulivyokuwa unangojea mawimbi ya ziwa, ulipokuwa mdogo, mpaka nikutandike ndipo uondoke majini. Ilipolia nilikuwa kwenye matanga ya mume wa mama mmoja wa kwaya. Nilikuwa nimemshika yule mjane mabegani. Nilimwachia. Aliyumba, akaanguka upande, na minye nilikuwa nimeshafika barabarani. Déborah akanikimbilia, "Koko Sabine, unakwenda wapi?" Nikasema tumbo. Uongo ulitoka laini kama mate.

Ngendakumana aliponiona alitema chini. "Weye tena? Si jana ulisema ya mwisho?" Nikamwambia anipe, nina haraka, nimeacha matanga. Akanitazama kuanzia miguuni, akaanza. Mavi ya mbwa. Kaburi linalotembea. Heri mama yako alikufa mapema, hakukuona. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, kumbe Domitille alimpa, kwa mpango uleule nilioupanga. Nilivua kamambili mguuni nikampiga nayo usoni, mara mbili, mdomo ukapasuka. Hakurudisha. Alifuta damu, akaweka ushanga kwenye kiganja changu. Na minye, badala ya kuomba samahani, niliufunga ule ushanga kwenye pindo la kikwembe kiunoni haraka, nisije nikanyang'anywa.

Jioni nilimtazama Fiston akila ugali. Nilitaka kumuuliza neno, nikamsogezea mboga.

Siku ya tatu ilikuwa zamu yangu ya ndagala. Unakumbuka zamu yetu, hata kama umekuwa muntu wa migodi. Tunaanika wanawake wanne pamoja, kwenye nyavu kuukuu juu ya mchanga, na mmoja anabaki kuchunga. Aliye zamu haondoki. Akibanwa na mkojo anaita mwenzake aje asimame kwanza mahali pake. Tangu ziwa lipande, mchanga umebaki mwembamba kama mkeka, upepo ukigeuka kidogo tu wimbi linafika, ni lazima kuvuta nyavu juu upesi. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuacha zamu. Nilifiwa na baba yako nikiwa kwenye zamu, nikasimama mpaka Déborah alipofika.

Telefone ililia.

Nilitazama ziwa, lilikuwa limelala. Nilitazama huku na huku, sikuona wa kumwita. Na hata ningemuona ningemwambia nini, iwapo nimekatazwa kusema? Telefone ikaacha, ikaanza tena. Pua ilikuwa inawaka. Nikasema nitakimbia tu, nitarudi kabla ya wimbi. Hayo maneno Fiston ameniambia mara mia: ninakimbia tu, Koko, ninarudi.

Ngendakumana alikuwa amehamia nyuma ya mashua mbovu, mbali. Nilipomfikia kamambili zangu zilikuwa zimetoka miguuni, sikujua saa ngapi. Nilimwangukia magoti. Ndiyo, mama yako, magoti! Akanipa ushanga. Nikakimbia peku kwa Domitille, nikavuta, nikarudi.

Nyavu zilikuwa tupu. Wimbi lilikuwa limelamba ndagala zote za wanawake wanne, zilizobaki zilikuwa ndani ya matope, kunguru wanafanya sikukuu. Déborah alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. Watu wa mitumbwi walikuwa wamesimama, na mbele yao Habonimana, yule mwenye mabega kama mlango. Akaniuliza, "Koko, nani alikuwa anachunga?"

Sikiliza sana hapa, Damien. Sikufikiri. Muntu anasema alifikiri, akapima, akachagua kudanganya. Hapana. Neno lilikuwa limeshasimama kwenye ulimi, linangoja mlango ufunguliwe. Nikasema, "Nilimwachia Fiston."

Basi. Hakuna aliyeuliza la pili. Fiston alikuwa amelala nyumbani, alikuwa na homa ya kukosa busti. Walimtoa kwa mguu mmoja, kichwa kinagonga mawe. Walimpiga kwa makasia. Kasia la mvule, Damien, linalosukuma mtumbwi wenye watu kumi. Nilisikia mbavu. Nilisikia meno, mawili ya mbele, yakiingia ndani. Kijana mmoja alikuwa anakuja anavingirisha mpira wa gari, na mwingine ameshika bidoni ya petroli, ananiamkia kwa heshima, "Shikamoo, Koko," akipita.

Habonimana akapiga kelele, "Sema! Ni weye uliacha ndagala?"

Na Fiston akasema, "Ni minye. Nisameheni. Ni minye."

Leo nimemuuliza kwa nini alikubali. Amenijibu hapa hapa, akiwa anaandika: "Koko, nikikubali wanachoka mapema. Nikikataa wanaongeza nguvu." Amesema hivyo kama muntu anayekueleza njia ya kwenda sokoni. Ana miaka ishirini na mitatu.

Nilimlalia juu. Kasia la Habonimana lilikuwa limeshapaa, haliwezi kurudi, likanikuta mkono. Nilisikia mfupa ukisema. Nikapiga kelele, "Ni minye! Ni minye niliyeacha zamu! Fiston hakuwepo!" Wakacheka. Habonimana akasema, "Koko anamficha, ni mjukuu wake. Mtoeni mama wa watu." Wakanishika mabega wanivute.

Na hapo, Damien, ndani ya kikwembe changu telefone ikalia.

Mutoto alikuwa chini yangu, damu yake imeniingia mdomoni, nimeionja. Petroli ilikuwa inanuka. Na minye nilisikia mlio ule, na mguu wangu ulisogea. Ulikuwa unataka kusimama. Ulikuwa unataka kwenda kwa Ngendakumana. Si kichwa, si moyo, mguu tu, kama mguu wa kuku aliyekatwa shingo. Mungu aliuona. Fiston aliuona pia. Alinitazama kwa jicho lile moja lililokuwa wazi, akajua, na minye nikajua kwamba amejua. Akaniambia polepole, "Nenda, Koko. Nenda tu."

Sikuenda. Lakini niliulazimisha mguu kwa meno.

Aliyewasimamisha ni Ngendakumana. Alikuja akihema, mdomo wake bado umevimba kwa kipigo changu, ameshika kamambili zangu mbili. Akaziweka mbele ya Habonimana. Akasema, "Huyu mama alikuwa kwangu. Viatu vyake alivisahau njiani akikimbia." Halafu akaeleza yote, shanga na tumbako. Watu walizijua zile kamambili, moja nimeishona kwa waya. Habonimana alitazama viatu, akanitazama miguu peku yenye matope, akaacha kasia lianguke. Yule wa petroli alijidai anapita tu. Déborah alisimama, akaja, akanipiga kofi moja zito mbele ya wote, kisha akavua kikwembe chake cha juu akamfunika Fiston. Kofi lile nimelikubali. Mpaka sasa ninafanya zamu za wanawake wote wanne, kwa mkono mmoja, mpaka kiangazi kiishe.

Ndiyo hayo. Nilidhani mutoto wako anakwenda kule kwa starehe, kwamba anacheka na sisi tunalia. Sasa ninajua siku yake. Anaamka akiwa ameshachelewa. Anamtafuta muntu anayejificha kwa makusudi. Anatukanwa, anapokea, anaficha. Anakimbia akisema nitarudi kabla ya wimbi. Akirudi wimbi limeshapita, na sisi tumesimama na makasia. Kesho hivyo hivyo. Na minye nilifanya siku tatu tu, kwa tumbako, nikiwa ninajua kwamba siku ya nne nitarudishiwa kopo.

Nalo nilirudishiwa. Usidhani nimekuwa mtakatifu. Nilivuta mpaka machozi. Kisha nikaaibika, nikamwambia Fiston tuache wote wawili. Yeye anakwenda kwa Domitille kila asubuhi kupata dawa, minye ninakwenda naye kukaa kwenye benchi. Amerudia mara mbili tangu hapo. Minye nimerudia mara nne. Mara ya tatu yeye ndiye aliyenikuta nyuma ya choo na kopo. Akasema, "Kaburi linalotembea, toka huko." Nilicheka mpaka plastre ikaniuma. Leo yeye ana siku kumi na tisa. Minye nina sita.

Ile kamba ya nailoni nimeikatakata kwa panga, vipande vifupi, hata mbuzi huwezi kumfunga. Hapa kwangu mutoto hatafungwa tena, awe na wazimu, awe mwizi, awe na nini.

Nisalimie Eliane, umwambie anipikie siku moja, nimechoka kupika. Mbusu Bruno. Msalimie na kaka yako Ildephonse huko huko Kolwezi, naye zamu yake ya kugombezwa inakuja. Hapa Merdi anakusalimu, Déborah anakusalimu, Habonimana pia anakusalimu, anapita kila jioni na samaki, hawezi kunitazama usoni. Fiston anasema nisimwekee salamu kinywani, ataandika mwenyewe akitaka. Nimemwachia mstari.

Shikamoo, Baba.

Ameandika hiyo tu. Inatosha.

Mungu akulinde na shimo la mgodi, akulinde na pombe ya siku ya mshahara, akulinde na hasira yako uliyoirithi kwangu. Ninakupenda, hata ulivyo mbali hivyo, hata ulivyo mjinga hivyo.

Mama yako aliyekuzaa na anayekungoja,
Sabine
(kidole changu cha kushoto hiki hapa, cha kulia kimefungwa)

Sasa sikia utakavyofanya mwezi wa nane. Siku tuliyomzika baba yako, udongo haujajaa kaburi, ulikwenda nyuma ya ukuta kuvuta sigara. Nilikuona. Basi ukishuka melini hapa Kalundu, utamkuta Fiston bandarini. Usimshike mkono kumtafuta alama za busti. Toa sigara zako zote na kiberiti, mpe. Shanga nyekundu Domitille ameshamkabidhi yeye. Telefone yako isizime. Ikilia, acha ulichoshika, umtafute mutoto wako popote alipo, umwombe. Siku tatu. Minyororo yako ilete, siku ya nne tutaiweka mezani, utatuambia ni ya nani. Na njoo na viatu vinavyofungwa vizuri, kwa sababu utakimbia.